Waya wa trakta ya Zacharie

Fifi, acha chakula, soma hii. Kaka yako Zacharie amepata aibu leo, na Lusangi nzima imeona.

Unajua ile trakta yake anayolimia watu, inalala nyuma ya nyumba ya wakwe zake. Mchana inatembea vizuri, asubuhi bateri imekufa. Mvua iko karibu, watu wanangojea mashamba yao, na yeye anasema tu, "Iko dinamo, haichaji." Akaifungua, akaisafisha, akabadilisha mukanda. Asubuhi, bateri imekufa.

Leo trakta imezimwa kabisa, anagusisha waya kwenye bateri, cheche inaruka. Akageukia watu: "Kuna mutu anakula moto wa bateri yangu. Nitamukamata, nimuaibishe." Alisema hivyo, Fifi. Nimuaibishe.

Akaona kawaya kembamba chini ya kiti. Akakafuata akitambaa kwenye majani, nyuma ya jiko, mpaka mulango wa chumba cha mama mukwe wake.

Cha mama mukwe. Pale mukwe hakanyagi hata nyumba ikiungua. Na yeye iko pale kwa magoti, waya mukononi, watu wote nyuma yake, redio inaimba ndani.

Akafunika uso na kofia, anaanza kurudi kinyumenyume. Mama akaita: "Ni wewe, mukwe?"

"Ni mimi, mama."

"Mungu amekuleta. Tangu uanze kutengeneza ile trakta, redio yangu inakatika-katika. Kaza huo waya."

Fifi, aliukaza.