Mama Apumzike

3 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Miguu inasemaje? Mimi huku mwili mzima, roho ndiyo inayolalamika. Barua hii anakuletea dereva wa mwanangu, maana simu yangu ya vitufe mwenyewe ameitupa. Kaninunulia nyingine ya kioo, ina namba moja tu: yake. Eti watu walikuwa wananisumbua. Watu wenyewe si ndio wewe!

Nyumba yake ni nzuri, sitasema uongo. Vyoo vitano, na mimi nina tumbo moja. Jana nilifua vitambaa vyangu viwili, nikatandika mezani nipige pasi. Msichana wa kazi akaja mbio kuninyang'anya, analia, eti bosi akijua atafukuzwa. Mimi niliyepiga pasi mashati ya hoteli nzima pamoja na wewe miaka yote ile! Nikamwachia. Ningefanyaje?

Nimemwambia mwanangu nataka kurudi kwenye chumba chetu. Akanibusu kichwani: "Mama, wewe pumzika." Nikarudia. Naye akarudia.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, nazirudisha na nyongeza. Miguu ni ile ile, jioni inavimba, asubuhi inajifanya haijui kitu. Kitandani kwako hajalala mtu. Nimeweka nguo za wateja tu zisikunjike.

Jumapili nilikuja. Hukuambiwa, eh? Mlinzi ana karatasi ya majina, langu halimo. Nikamwambia huyo tajiri wenu nimemwogesha mimi kwenye beseni. Akacheka, mtoto wa watu, akanipa kiti na maji, lakini geti hakufungua. Nimekaa mpaka kiti kikanichoka, nikarudi zangu.

Wanasema ukitaka kumjua mtu, mpe pesa. Sasa tumemjua. Yule mtoto alikuwa hashiki kijiko bila kuuliza mama mkubwa kala nini. Malori yake yamemla moyo.

Dada yako

28 Machi

Dada yangu,

Pole kwa kiti, pole kwa njia. Nimelia wee. Hakuna aliyeniambia.

Lakini usimseme hivyo. Angekuwa ametusahau ningejua la kufanya: ningemtukana vizuri, nikaondoka. Hajatusahau. Kila asubuhi kabla hajaenda kwenye malori ananipima presha kwa mkono wake. Unakumbuka nilipokuwa na homa, yeye bado mdogo, akanifichia viatu nisiende kazini? Tulicheka mbavu hatuna! "Mtoto ana huruma huyu." Nikainama, nikavitoa uvunguni, nikaenda zangu huku analia. Ni yule yule, dada. Hajabadilika hata chembe. Ila zamani nilikuwa namshinda nguvu. Leo nani atamwambia hapana? Mlinzi anakula kwake, daktari anakula kwake, na mimi pia nakula kwake.

Jumamosi nilifunga nguo zangu kwenye kitenge nikaenda getini. Mlinzi akampigia. Akaja anahema, katoka kwenye mkutano, akapiga magoti mbele yangu na suti yake, machozi yanamtoka. Utamshindaje mtu anayekupigia magoti? Kesho yake akaleta daktari. Sasa nameza kidonge cha kutuliza, nalala mchana kutwa. Mwandiko wangu si unauona.

Nitoe huku, dada. Wewe alikuwa anakuogopa, atakusikia.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama hii itakukuta macho. Hicho kidonge kiweke chini ya ulimi, wakigeuka kiteme. Nimemwandikia mwanao, dereva atampa mkononi. Sikumfokea, ingawa mdomo uliniwasha. Nimemwambia: "Mama yako hajakukataa, anataka kitanda chake tu, na wewe uje umwone kila siku ukipenda." Nguo za wateja nimezitoa. Shuka nimefua.

Dada yako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva haonekani. Simu ya mwanao inaita tu. Hii naituma kwa posta. Nimekuja tena getini, na mlinzi ni mwingine, huyu hana hata kiti. Uko hai? Naogopa, mdogo wangu, na sijui nimlilie nani. Niandikie hata "nipo", inatosha.

Dada yako

6 Mei

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini miguu ina nafuu.

Nimesoma barua yako, pamoja na zile nilizozikuta kwa mama. Nimelia sana. Sikujua mnateseka hivi, na kosa ni langu, maana nilimwachia dereva abebe maneno huku na huku. Kila barua ikifika, presha ya mama inapanda. Dereva nimemwondoa. Mama nimemhamishia nyumba nyingine, mbali na kelele, ana manesi wawili. Daktari amesema asisome kitu kwa sasa.

Na wewe umenilea, sitakuacha. Mashati ya watu mpaka lini? Nimezungumza na mwenye nyumba, chumba nimekirudisha, wateja wako nimewapa taarifa. Jumatatu vijana wangu watakuja na gari. Nyumba yako iko tayari, ina bustani, sawa kabisa na ya mama. Ziko mbalimbali kidogo ili msitiane mawazo.

Usihangaike kujibu. Najua umefurahi.

Mwanao akupendaye