Siku Wadi Nzima Iliponawa Mikono

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa maana nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mratibu wa utafiti katika chuo cha uuguzi, kazi yangu ni kuwasaidia walimu na wanafunzi wanaofanya utafiti, nawatafutia vibali, nawakagulia madodoso, nawafundisha kupanga majedwali, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wadi miaka kumi na moja, kwa hiyo ile adabu ya wadi haijanitoka, kwamba mgeni haingii bila mkuu wa wadi kuambiwa. Sasa kuna mwanafunzi wetu mmoja, binti mtulivu, anahesabu ni mara ngapi wauguzi wa wadi ya upasuaji wananawa mikono kabla ya kugusa kidonda. Kibali cha hospitali kilikuwepo, ila siku ya kuanza ilikuwa siri ya watu watatu, binti, mwalimu wake na mimi. Mkuu wa wadi hiyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, basi Jumapili tuko jikoni kwake tunamenya viazi nikamwambia, "Wifi, kesho waandae watu wako, binti wetu anakuja kuhesabu wanaonawa mikono."

Nilisema kwa heshima tu, mshauri. Binti alikaa kwenye benchi siku tano na ubao wake wa kuandikia, akahesabu nafasi mia moja na ishirini za kunawa, wakanawa mara mia moja na kumi na sita, hata mfagizi alinawa na kidonda hagusi. Mwalimu anamsifia kila kona, na mganga mkuu amesema wadi inayonawa hivyo haihitaji yale masinki mawili iliyoomba, yapelekwe kwingine, wakati mimi najua wadi nzima ina sinki moja, liko mwisho wa korido, na siku za kawaida watu hawafiki huko. Ripoti inaenda Ijumaa. Nikisema, binti ataona amefanya kazi bure, mwalimu hataniamini tena na wifi atanisema kwa ukoo mzima, nikinyamaza wanaoumia ni wagonjwa. Nifanye nini?

Domokaya wa Chuoni

Domokaya, pole, sasa nisikilize. Nia yako naiamini, lakini usijifiche nyuma ya heshima. Kumwambia mkuu wa wadi kwamba utafiti upo ni heshima. Kumtajia siku na kinachohesabiwa ni kumpa mtahiniwa karatasi ya mtihani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba umemwacha binti wa watu avishwe kilemba cha ukoka na wewe unapiga makofi. Kazi yake si bure. Alihesabu sawasawa, na ameonyesha kwamba wadi ile inajua kunawa, tena ikijua inatazamwa inatembea hadi mwisho wa korido. Bado hatujui inafanya nini isipojua.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, ingia kwa mwalimu. Usianze na salamu ndefu. Sema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemtajia mkuu wa wadi siku," kisha umwache akasirike, ana haki. Akimaliza, mwombe ripoti isiende Ijumaa, mumwite binti mumweleze pamoja, asije akayasikia koridoni. Siku hiyohiyo mganga mkuu apate barua ya mistari miwili yenye sahihi yako, kwamba asihamishe masinki kwa hesabu hizi. Halafu ombeni kibali cha mwezi mzima, binti ahesabu akiwa kwenye zamu zake za mazoezi, bila ubao, siku achague na mwalimu wake. Wewe mpangie jedwali la safu mbili, wiki waliyoambiwa na siku wasizoambiwa. Hiyo itakuwa ripoti bora kuliko ya kwanza, na utakuwa umefanya kazi uliyoajiriwa.

Wifi atanuna. Mkumbushe kwamba aliyetaka kuikosesha wadi masinki ni yeye mwenyewe na unawaji wake wa wiki moja, ataelewa upesi. Na akikuuliza binti anahesabu lini tena, mwambie hujui. Uhakikishe kweli hujui.