Vidole Viwili vya Baba

Birkat al Mauz, Oman
Novemba 1976

Kaka yangu mpenzi Hashil,

Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu Musallam na watoto tumo, tunamshukuru Mungu, ila mafua ya baridi hii inayoteremka mlimani. Nawe u hali gani huko Mombasa? Wifi Kaltham je, mgongo umempa nafasi? Kaseti yenu ya salamu ilifika, tukaipiga mpaka inakwaruza. Ina kisa chake, nitakueleza.

Unaniuliza mbona makaratasi yenu ya kuja huku hayatoki, nawe ulishaaga kazini na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Kaka, barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Leo nitakwambia yote, lakini niache nitangulize khabari za baba, usinikimbize.

Baba yu hai, ila si mzima. Amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote hauna kazi, na ulimi umefungwa. Bwana yule aliyekuwa akisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria Unguja, Waingereza wakaweka kalamu chini wakamsikiliza, leo akitaka maji anaguna. Unakumbuka alivyokuwa akijihutubia mbele ya kioo cha marehemu mama, koti jeusi juu ya kanzu, mkono umeshika ukosi? Mama akimtania, akimwambia Mheshimiwa, kioo hakipigi kura. Koti lile ndilo alilotoka nalo Unguja siku za mapinduzi, wallahi, hilo na roho yake.

Watu wa hapa walitupokea vizuri, siwasingizii. Lakini sisi tuliotoka Afrika hatupati pasipoti mpaka sheikh wa kabila ashuhudie kuwa sisi ni watu wao. Basi mwaka jana baba akaitwa sablani, pale wanaume wanapokutana kwa kahawa na kuulizana khabari, aitaje nasaba yake na watu wake. Musallam alikwenda naye, ndiye aliyenihadithia. Anasema wenyewe pale husema hali wamekaa, tena kwa sauti ya chini. Baba akasimama! Akashika ukosi, akawahutubia kama anayeomba kura, kwa Kiarabu chake cha vitabuni. Vijana wakaficha vicheko ndani ya vilemba, na wazee wakainamisha macho. Masikini baba, alidhani wameinama kwa kumsikiliza. Alipogundua, jasho lilimtoka, akakaa. Hapo ndipo Sheikh Thuwaini, mkuu wa kabila, alipomwuliza swali la mwisho, naye akalijibu, na Musallam alirudi nyumbani uso umemsawijika.

Miezi ikapita, ikaja kaseti yenu. Baba alikuwa hataki hata kulisikia jina lako, tangu uchaguzi ule. Siku hiyo nilikuwa jikoni, nimeiacha inalia ukumbini. Nikasikia imesimama, imerudishwa nyuma, inaanza tena. Nikachungulia. Baba amekaa chini, sikio amelitia kwenye redio, wanao wanamwita babu, babu, njoo utuone. Nikarudi jikoni. Hata asubuhi akaniambia nimpigie pasi koti, kwa kuwa anakwenda sablani. Kuna neno alilolisema vibaya, alisema, na atalitengua mbele ya watu walewale. Akashuka falajini, kwenye mfereji wa maji wa kijiji, kutia udhu. Tulimkuta ameanguka, miguu imo majini.

Sasa lisikie neno lenyewe, kaka. Nisamehe. Sheikh alimwuliza ana watoto wangapi, waandikwe. Baba akasema anaye mmoja, Fakhriya, na zaidi ya huyo hakuzaa.

Si serikali iliyokukataa. Afisi ya pasipoti ya Izki haina kosa. Ni baba.

Najua utauliza kwa nini, na jawabu unalo. Ulipanda jukwaa la chama kile kingine, tena kijijini kwake mwenyewe, ukawaambia watu wasimchague babako, na kweli hawakumchagua. Kile kiti ndicho kilichokuwa maisha yake. Jamani, nyinyi wawili mmenimaliza! Nina hasira na wewe, nina hasira na yeye, na hasira zenyewe sina pa kuziweka.

Kila Ijumaa anataka avalishwe koti. Musallam anamchukua sablani, anamwegemeza ukutani. Wakishaulizana khabari, baba anaunyanyua mkono wa kushoto, maana wa kulia umekufa, na kushoto hapa ni aibu mbele za watu. Anaonyesha vidole viwili. Watoto wawili. Anamwonyesha huyu, anamwonyesha yule, anaguna mpaka mishipa inamtoka. Na mpika kahawa, kwa huruma yake, anamwekea vikombe viwili.

Musallam aliwaeleza, usidhani alinyamaza. Sheikh Thuwaini alimsikiliza vizuri, akasema roho inamuuma, lakini mtu hushuhudia damu yake kwa ulimi wake, na ulimi ule ulishasema. Hawezi kuliandika neno la mkwe juu ya neno la baba. Daktari naye ametwambia tusitarajie kitu.

Basi usifunge mizigo, kaka. Mwombe mwajiri wako akurudishe. Mbembeleze mwenye nyumba. Huku hakuna njia, na mimi sina maneno mengine, nimelia mpaka kichwa kinaniuma.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie babu yao amewasikia. Musallam anakusalimu sana. Na baba yuko hapa mbele yangu nikiandika. Nimemwambia barua ni yako. Ameunyanyua ule mkono wake, ameniwekea vidole viwili juu ya karatasi, nami nimemwambia ndio baba, wawili, najua. Hataki kuviondoa, na barua nataka kuifunga.

Ni mimi mdogo wako,
Fakhriya