Unga Uliolala Njiani

Mjukuu wangu Kwamboka,

Huku Manga tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kikombe cha unga wa wimbi ni gramu ngapi. Siwezi kukuambia, maana unga hulala. Pima kwa mizani.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa juzi tu, nilitoka kusaga na gorogoro, kopo letu la kupimia, imejaa unga hadi mdomoni. Njia yetu ni ya mlima, na mzigo hutikisika. Nilipofika nyumbani, unga ulikuwa umeshuka vidole viwili.

"Mwingine umempelekea mama yako?" mama mkwe akauliza.

Niliumwaga kwenye ungo, nikaurudisha polepole kwa mkono. Gorogoro ikajaa tena.

Kesho yake mama mkwe alijaza gorogoro nyingine, akiushindilia unga kwa ngumi.

"Hii," akasema, "mpelekee mama yako."

Nyanya yako,
Kerubo