Maneno Niliyomlisha Luhende

Duka la Kopi la Esta,
Nyuma ya Soko,
Shinyanga.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Kwako mdogo wangu Boaz,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa najua hujaituma. Mimi ndiye mkubwa, siwezi kukaa nikingoja adabu yako huku siku zinakwenda. Habari za Chato? Habari za Paskalina na huyo binti yangu Mariana, ambaye nasikia ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa? Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua inakaribia tu, hainyeshi, kwa hiyo anaumwa bure. Mashine yangu kubwa imeanza tena kutafuna karatasi. Mimi afya ninayo. Amani ndiyo sina, na sababu yake utaisoma humu ndani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako umeizima tangu mwezi uliopita, na kwa sababu jambo lenyewe sina mdomo wa kulisema. Jumapili Paskalina alinipigia kwa simu ya jirani. Aliniambia kwamba ubao wako wa kuchorea umeufanya kichanja cha kuanikia dagaa, na kwamba Jumatatu unapanda basi kwenda Nyarugusu kuingia duarani. Nilimwambia arudie. Akarudia: duarani, ndani ya shimo, kwenye dhahabu. Alisema wewe unadai mkono ulioshindwa kumsimamisha Luhende wetu wa katuni haufai kwa kalamu, labda utafaa kwa nyundo. Wewe, Boaz, mtoto wa Pantaleo, ambaye mpaka leo yuko chini ya duara namba saba na hatuna kaburi la kupalilia! Mama sijamwambia. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine. Isome yote kwanza, hasira uziweke pembeni, halafu uamue.

Hapa mjini filamu ya Luhende wa Duara bado ni mazungumzo, na kila mtu ana sababu yake kwa nini imeanguka. Rushabh mwenyewe, aliyeitengeneza, analaumu palizi. Anasema aliitoa wakati watu wana majembe mikononi. Baba yake, mzee Kanji, aliyetoa mtaji, anasema alishamwambia kijana abaki kwenye mabati na pampu za maji, maana bati halihitaji kupigiwa makofi. Vijana wa bodaboda wanasema yule mwigizaji wa Dar es Salaam ana kitambi, na kofia yake ya shimoni ilikuwa safi kama sahani ya harusi. Mama yeye anasema ni husuda ya watu. Aliposema hivyo nilikuwa namenya viazi, nikajikata kidole.

Mama, asiyejua kusoma, yuko karibu na ukweli kuliko wote.

Rudi nyuma kidogo pamoja nami. Baba alipofukiwa wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na minne. Siku kumi na moja wachimbaji wenzake walichimba, ya kumi na mbili wakaweka vifaa chini. Wewe ulichukua mfuko wa saruji ukachora mtu ameweka sikio kwenye mwamba, anawasikiliza waliobaki ndani. Mama aliubandika ukutani kwa ugali, na kila mgeni aliyekuja msibani alisimamishwa mbele yake aone mikono ya dhahabu ya mwanawe. Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili nyuma ya daftari la Jiografia, yale ambayo ningemwambia baba kama angenisikia. Wiki ile ile mama aliwashia jiko daftari lile. Hakukusudia, aliona daftari limejaa, akajua limekwisha kazi. Sikumkasirikia yeye hata siku moja. Nilikukasirikia wewe, na hukuwahi kujua.

Basi tukakua. Nikapata mashine, wewe ukapata kalamu nzuri, tukaanza vitabu vyetu vya katuni. Wewe unachora, mimi naandika maneno kwenye vile viputo vinavyotoka midomoni mwa watu, tunatoa kopi, tunabana pini, na mama Bhoke anavibeba pamoja na vitenge vyake vya kuuza hadi Nyarugusu na Rwamagasa. Luhende, mchimbaji aliyefukiwa akatoka na masikio yanayosikia kila kilichomo mwambani, anayegonga mara tatu duara likitaka kuanguka. Tuseme kweli: kitabu cha kwanza na cha pili vilinunuliwa kwa huruma. Watu walikuwa wanamnunulia mama Bhoke, si Luhende.

Cha tatu unakikumbuka. Malaria ilinilaza. Watu wengine wote nilikuwa nimeshawaandikia maneno yao, ila ya Luhende huwa nayaacha mwisho ili yawe matamu kuliko yote. Basi la mama Bhoke likawa linaondoka, nawe ukampa vitabu hivyo hivyo, viputo vya Luhende vikiwa vitupu. Nilikutukana kutoka kitandani mpaka mama akafunga mlango. Baada ya wiki mbili mama Bhoke akarudi anataka mara tatu yake. Akaeleza kwamba Rwamagasa kitabu kimoja kinasomwa na banda zima la chai. Mmoja anasoma kwa sauti, na kikifika kiputo cha Luhende kila mtu anarusha maneno yake, wanabishana, wakikubaliana mmoja anayaandika kwa peni. Alituletea viwili tuone. Kimoja Luhende alikuwa anamwambia bosi wa shimo, wabeja sana, asante ya Kisukuma, kwa maharage yasiyo na chumvi. Kingine hakusema kitu ila jina la mtu, na mama Bhoke akatuambia ni jina la kaka wa yule aliyeandika, aliyebaki chini mwaka juzi.

Wewe ulicheka, halafu ukalia. Ukasema tangu siku hiyo Luhende ataachiwa viputo vitupu daima. Nami nikacheka pamoja nawe, kwa meno. Hebu jiweke mahali pangu, Boaz. Kitabu kilianza kupendwa siku ambayo mimi sikuandika.

Kisha Rushabh akaja na habari za filamu. Aliketi kwenye stuli yangu akanipa mgongo, akazungumza na wewe saa mbili nzima. Mimi aliniambia neno moja, nizime mashine maana inawapigia kelele. Walipokuja watu wa redio nao wakaomba nihamishe kiti changu nje, sauti isigonge ukuta. Tangazo likabandikwa mpaka stendi: mtunzi na mchoraji, Boaz Pantaleo. Jina langu lilikuwemo kwenye filamu, sikatai. Lilikuja mwishoni kabisa, baada ya mpishi. Nilikuwa napita stendi kila asubuhi na nilijifunza kupita upande wa pili wa barabara. Wivu, mdogo wangu, naona haya kuutaja hata kwenye karatasi. Uliniuma kama jipu mahali pa kukalia, nisiweze kumwonyesha mtu.

Sasa nifike kwenyewe. Agosti ulikwenda Chato kwa uzazi wa Mariana, na Rushabh alikuwa anakaribia kuanza kupiga picha. Ukanitumia karatasi kwa basi, umeikunja mara nne, ukaniomba nimfikishie. Uliandika kwamba katika filamu nzima Luhende asitamke neno. Akishageuka kuwatazama watu, kila kitu kinyamaze, ihesabiwe hadi kumi, waliokaa bandani waseme wenyewe. Uliandika pia kwamba asipokubali hilo, bora filamu isitengenezwe.

Wewe unaamini Rushabh aliisoma akaitupa. Ndiyo maana siku ya kwanza filamu ilipoonyeshwa pale Geita ulitoka mara tu Luhende alipotamka neno, kabla taa hazijawashwa, ukampita mlangoni bila salamu, na mpaka leo unamwita msaliti. Rushabh hakuiona karatasi ile. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiona ni sawa kwa kila neno, na kwa sababu ilikuwa sawa nikaisukuma chini ya mashine ya kopi. Siku ya pili yake Rushabh akaja kuuliza kama umeagiza lolote kuhusu Luhende aseme nini. Nikamjibu kwamba umeagiza maneno yake niandike mimi.

Niliandika kurasa arobaini kwa siku nne, duka nimelifunga. Sikuwahi kuandika kwa raha kama ile. Na pale mwishoni, Luhende anapopiga magoti juu ya duara lililoanguka akisema na waliomo ndani, niliyarudisha yale maneno ya daftari lililochomwa. Nilitaka mara moja tu maneno yangu yasikike kule alikolala baba, na watu wasimame mbele yake kama walivyosimamishwa mbele ya mfuko wako wa saruji.

Wewe ulikwishatoka, mimi nilibaki mpaka mwisho, kwa hiyo nikusimulie usichokiona. Banda la sinema lilikuwa limejaa. Mama Bhoke alikuwa amekuja na watu wake wa Rwamagasa, na kila mmoja alikuja na maneno yake tayari. Luhende alipogeuka mara ya kwanza, banda zima lilifumbua mdomo. Naye akawahi kusema. Alisema maneno yangu, kwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikaona watu wanafumba midomo mmoja mmoja. Alipogeuka mara ya pili walijaribu tena, akawahi tena. Mara ya tatu hakuna aliyejaribu. Ilipofika sehemu ya baba, mzee mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, wala hakunong'ona, kwamba wamelipa kiingilio ili wanyamazishwe. Walitoka taratibu, bila hasira, wanaulizana wapi kuna chai. Kesho yake tulikuwa watu wanane, wawili wanauza karanga.

Hiyo ndiyo sababu, Boaz. Usitafute palizi wala kitambi. Luhende alikuwa mdomo wa wale watu, nami nikamlisha maneno yangu.

Na bado sijakiri baya kuliko yote. Siku ile ya watu wanane, nilipotoka nje nikakuta tangazo limelowa kwa mvua ya Geita na jina lako linachuruzika wino, nilifurahi. Kwa muda mfupi, lakini nilifurahi. Nilijiambia kwamba jina langu halipo pale, kwa hiyo aliyeanguka ni wewe peke yako. Nilinunua hindi la kuchoma nikalila njia nzima. Wivu ulioniuma kwa sababu nimefichwa ndio huo huo ulionificha. Waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila hawakutaja kwamba kinachokula chenyewe hakishibi.

Kama unakwenda shimoni kwa sababu ya njaa, niambie, tutagawana kilichopo. Lakini kama unakwenda kwa sababu Luhende amekufa mikononi mwako, basi unakwenda kwa uongo wangu. Mkono wako hauna kosa. Ulichora sawa na uliandika sawa. Sitaki mama afundishwe mara ya pili kuhesabu siku kumi na mbili, na sitaki iwe kwa ajili yangu.

Jana nilikwenda dukani kwa mzee Kanji na karatasi yako mkononi, nikamweleza Rushabh yote mbele ya baba yake. Mzee alifoka kwa Kigujarati, nami nilielewa kila neno bila kufundishwa. Rushabh hakufoka. Aliisoma mara mbili, akanifuata hadi dukani kwangu, akaiweka kwenye mashine mwenyewe, akatoa kopi moja, akalipa, akaondoka. Sijui atafanya nini. Karatasi yenyewe, ya mkono wako, nimeibana nyuma ya barua hii. Doa jeusi pembeni ni wino wa mashine.

Msamaha sitauomba kwa maneno mazuri. Mazuri ninayo mengi, umeshaona kazi yake. Mama nitamwambia Jumamosi, nikishampaka dawa ya goti, na akitaka kunifukuza nitalala dukani. Unisalimie mama Mariana, umwambie amefanya vizuri kunipigia. Mariana umbusu kwenye nyayo. Wasalimie na wakwe, na hao dagaa waambie ubao ule una mwenyewe.

Chini ya jina langu nimekuchorea kiputo. Mimi sijui kuchora, kimetoka kama kiazi. Ndani sikuandika kitu, na usidhani ilikuwa rahisi. Kijaze neno lako, hata likiwa tusi, umrudishie kondakta huyo huyo. Nitakuwa stendi Jumatatu, mabasi ya Geita yakiingia, upande wa barabara lilipo tangazo.

Ni mimi dada yako mkosaji,

Esta