Jicho Jeusi la Shakwe wa Soga

Jumamosi, nyumbani Picha ya Ndege

Shakwe yule si kichwa-kijivu. Nilisema tangu mwanzo.

Tangu nifanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, shoga yangu Mwanahamisi huangalia upya kwa darubini, kimyakimya, kila ndege ninayemtaja. Hajui kwamba namwona. Inaniuma sana.

Leo asubuhi shakwe watatu walitua kwenye bwawa kule Soga. "Wote kichwa-kijivu," alisema. Mimi nikamwambia mmoja ana macho meusi, wenzake wana macho meupe.

Akanijibu kwa upole, upole ule nisioupenda: "Labda bado mdogo, dada. Wadogo nao wana macho meusi."

Ni kweli, kwa hiyo nikasubiri aruke. Aliporuka, ukingo wa mbele wa bawa ulikuwa mweupe pe karibu mpaka nchani. Basi. Kichwa-cheusi, mgeni wa kaskazini, ambaye huku hufika kichwa kikiwa cheupe.

Mwanahamisi alimfuata kwa darubini mpaka akapotea. "Umemtambua wewe," alisema. "Mimi sikumtambua."

Wakati wa kurudi tulikuta kundi la kwera, wale ndege wafumao viota, mtini. Akaniuliza ni wa aina gani. Nikamtajia, na hakuinua darubini.