Ubavu wa Kulalia

Jumanne, 8 Julai

Mito minne tena. Miwili mgongoni, mmoja kichwani, mmoja sijui wa nini. Alfajiri nimeamka shingo imekakamaa, nimeporomoka hadi katikati ya kitanda.

Kushoto hakuna titi, kuna kovu la miezi mitatu ambalo bado linavuta. Kulia, chini ya mtulinga, kuna hiki kidude walichonipandikiza Mwanza Jumatano iliyopita. Manesi wanakiita poti. Dawa ya kwanza ya saratani ilinipa shida, mishipa ya mkono ilijificha, nikachomwa mara sita. Ndiyo wakaamua dawa ipitie hapa. Sawa, nilikubali. Lakini tangu madrasa nalala ubavu wa kulia. Kifudifudi haiwezekani. Chali nakabwa. Nilale wapi, dirishani?

Karatasi waliyonipa ina mambo ya homa, usafi na chakula. Usingizi haumo.

Jumatano, 9 Julai

Wifi Zuhura amekuja kutoka Kwihara kumsaidia kaka yake kuniuguza. Ameleta viazi vitamu na ushauri. Hata kabla ya kuvua viatu kanipanga kitandani kama anapanga vyombo kabatini. Kanga chini ya kwapa, kanga mgongoni, usigeuke. Nimegeuka.

Mchana wageni. Kila mmoja anataka kukiona kidude. Jirani mmoja kauliza kama kina betri. Mwingine kanyoosha kidole akibonyeze, nikamshika mkono. Zuhura kasema nimekuwa mkali. Nimekuwa.

Nina kanzu mbili za harusi mezani, sijazigusa. Nikiinamia cherehani usingizi unanijia. Nikijilaza unatoroka.

Ijumaa, 11 Julai

Hamisi kahamia sebuleni. Alichukua blanketi tu, akasema, "Nakupa nafasi, Mama Rukia." Miaka ishirini na saba kitanda kimoja, leo napewa nafasi! Sikumwomba nafasi.

Mjukuu wetu Nasra naye kakatazwa na Zuhura kuingia chumbani. Ana miaka minne. Mama yake, Rukia wetu, anafundisha Sikonge, kwa hiyo mtoto analelewa hapa na amezoea kulala kwapani kwangu. Nimemsikia analia mlangoni. Nilitaka kumwita. Sikumwita, niliogopa. Najichukia kwa hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Nasra alininyemelea alfajiri, kichwa chake kikatua juu ya poti. Nikaona nyota. Nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga huyu mtoto. Kajificha nyuma ya kabati mpaka chai ikapoa, hakutaka hata kuniangalia.

Basi nikawatangazia wote: natoa hiki kitu. Jumatano Mwanza siendi. Hamisi aligeuka, chupa ya asali ya kuuza aliyokuwa akiifuta bado iko mkononi.

"Utaacha dawa kwa sababu ya mto?"

"Kwa sababu ya usingizi."

"Utakufa."

"Nitakufa nimelala."

Zuhura akaanza kulia. Hamisi akatoka kwenda sokoni bila kuaga. Kidude kinauma. Nakigusa kila dakika. Labda kimehama. Labda kimepasuka.

Jumapili, 13 Julai

Hamisi kampigia nesi wa Mwanza bila kuniuliza, kisha kanishikisha simu. Nesi kaniuliza kama nina homa, wekundu, usaha, mkono kuvimba. Hakuna. Akasema hata hivyo kesho nikaangaliwe hospitali ya hapa. Nikamuuliza kwa ukali nitalala vipi. Akanieleza polepole: kichwa kiinuliwe kidogo tu, mto mmoja chini ya mkono wa kulia usivute kidonda, mwingine mwembamba wa kukumbatia. Kidonda kikipona, ubavu wowote ruksa, maadamu hauumi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Nilitaka kutupa simu.

Baadaye nikamuuliza Hamisi kwa nini kahama. Akasema usiku ule kabla ya kuhama mkono wake uliangukia kifuani kwangu akiwa usingizini, akagusa kitu kigumu, akadhani ni uvimbe mwingine. Akakaa macho mpaka adhana, ananisikiliza navuta pumzi.

Na mimi nilidhani ananichukia. Sikumwambia hilo.

Jumatatu, 14 Julai

Daktari kakiangalia, kakibonyeza pembeni. Kiko pale pale. Kimeshonewa ndani, hakihami kwa kichwa cha mtoto. Kaniambia kwa dharau kidogo, au ni mimi nilivyosikia. Kesho tunapanda basi.

Nimemwomba Nasra radhi. Kanisikiliza, kaomba andazi.

Jumatano, 16 Julai

Mwanza. Njia nzima kupitia Nzega mkanda wa basi ulinisugua pale pale, mpaka Hamisi akakunja kanga na kuiweka katikati.

Sindano moja tu. Moja! Dripu ikaanza kushuka, nami sikumbuki ilivyoisha.

Ijumaa, 18 Julai

Nyumbani. Kichefuchefu, mdomo una ladha ya chuma. Zuhura karudi Kwihara kwenye shamba lake, tumeagana vizuri. Hamisi karudisha blanketi chumbani, analala ukutani kama mtu aliyepanda lori lililojaa.

Baada ya adhuhuri Nasra alisimama mlangoni. Nikamwonyesha miguuni pa kitanda. Akapanda, akalala kinyume, unyayo wake kwenye goti langu. Nikaweka mto chini ya mkono, nikakumbatia mwingine.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limeinama na mtoto keshaondoka. Swala ya alasiri imenipita kidogo. Nimechelewa kwa sababu ya usingizi.